Asile Kitu, Asinywe Maji

"Umenisemea," Daktari alisema, na ile sauti yake ambayo wodini haimwamshi hata mtoto mchanga, leo ilitetemesha vifuniko vya sufuria. "Umeenda kwa watu, umekalia kiti chao, umewaambia naanza kazi kesho asubuhi. Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umelala," Fundi akamjibu, naye sauti juu. "Ulikuwa kwenye benchi langu, mdomo wazi, umelalia vitambaa vya wateja. Nikuulize saa ngapi, Popo? Ukiwa macho uko hospitali. Ukiwa kwangu umelala. Au nikubandike swali kwenye paji la uso ulisome ukinawa?"

Sebuleni redio ikapunguzwa. Hiyo ni kazi ya Mjomba. Mjomba kwa kawaida husikiliza redio mpaka jirani wa tatu anapata taarifa ya habari bure, kwa hiyo ukiona amepunguza, ujue amepata kipindi kitamu zaidi. Na jikoni kwenyewe hakukuwa na mlango wa kufunga, kulikuwa na pazia la maua. Fundi alilishona mwenyewe enzi anajifunza cherehani, na tangu litundikwe halijawahi kuzuia hata neno moja. Upande wa pili Mama naye alikuwa anakunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

"Punguza sauti," Daktari alisema.

"Punguza wewe kwanza."

Wote wakapunguza. Ila ugomvi wa sauti ya chini una ubaya wake, maneno yanatoka makali zaidi, kama kisu kinachonolewa polepole.

Chanzo chenyewe kilikuwa hiki. Hospitali ya serikali ya mji ule zamani ilikuwa na madaktari watatu wa kupasua. Mmoja alikwenda kuongeza masomo, na masomo yakamnogea huko huko. Wa pili alivuka mpaka kwenda kwenye nchi ambayo mshahara wa daktari ni mshahara kweli. Akabaki huyu. Kila mama ambaye mtoto amekwama ni wake. Kila tumbo lililopasukia ndani ni lake. Matabibu wapo, na wanafanya kazi kama punda, lakini kisu hawakufundishwa. Ofisi kubwa zilishaahidi kuleta daktari mwingine, zikaahidi tena, mpaka pale wodini ahadi ikawa utani. Manesi wakiona mbuzi amekatiza uani wanaambiana, haya mpokeeni, daktari mpya amefika.

Na mshahara wa Daktari ulikuwa kama mgeni mwenye haraka, unachelewa kufika na ukifika haulali. Fundi alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana ndiye aliyemgundishia soli ya kiatu, ndiye aliyegeuza kola za mashati yake upande uliochakaa uingie ndani, na hajawahi kumwambia mtu. Mwanaume mwenyewe akiivaa ile kola anajikuta anaigusa gusa, anatabasamu, halafu anaona haya.

Sasa Mjomba ana duka la vifaa vya ujenzi, na ndiye aliyemuuzia vigae mwenye ile hospitali ya kulipia iliyoko barabara kuu. Vigae vikawaunganisha, wakawa marafiki. Ile hospitali ni nyeupe mpaka inaumiza macho. Mgonjwa anapewa maji ya baridi kabla hajaulizwa anaumwa nini. Daktari wa pale anaingia asubuhi shati limepigwa pasi, anatoka jioni bado lina pasi. Walikuwa wanatafuta mtu wa kisu. Mjomba akatoa jina. Halafu siku mbili zilizopita Fundi akavaa gauni lake la kutokea, akaenda mwenyewe, akakaa mbele ya mkurugenzi kwenye kiti kinachozunguka, na alipoulizwa kama huyo kijana atakuja kweli Jumatatu, ulimi ukajibu wenyewe kwamba atakuja.

Leo ni Jumapili.

Tuseme ukweli, Fundi hakuwa mtu wa kusemea watu. Tujue alivyofika hapo.

Walikutana kwa damu. Siku hiyo alikuwa anakimbizana na sare za shule, sindano ya cherehani ikapita kwenye kidole chake na kuvunjikia humo humo. Akafika hospitali ameshika mkono juu kama anayeapa. Daktari mmoja mwenye macho mekundu akamtoa kile kipande, akamshona, wala hakusema neno. Fundi akakigeuza kidole, akakitazama kwa jicho la kazi.

"Daktari, samahani," akamwambia. "Huu mshono ungekuwa wa mteja wangu, ningeufumua."

Yule mtu akamtazama. Halafu akacheka. Alicheka mpaka sista akachungulia kuona kuna nini, maana kicheko kwenye chumba kile kilikuwa kitu kigeni. "Mteja wako," Daktari akasema akijifuta macho, "ukimchoma sindano hakupigi teke."

Baada ya hapo akaja dukani kwa Fundi na koti lake jeupe lililochanika mfuko. Fundi akamwambia subiri hapo kwenye benchi. Alipogeuka na koti limekwisha, mtu amelala. Akamwacha, akambatiza Popo, maana usiku kucha yuko kazini na mchana analala. Kesho yake lingine likachanika mfuko, na la keshokutwa pia, na Fundi akiangalia ule mchaniko anaona kabisa kwamba huu umechanwa kwa mkasi, tena mkasi wa hospitali unaokata sawasawa. Hakusema. Alishona tu huku anatabasamu peke yake.

Wenzake wakikaa husimulia walivyopendwa, huyu aliletewa zawadi, yule alipelekwa kutembea ufukweni. Fundi alipendwa na mtu aliyelala. Alijifunza uso wake ukiwa umefumba macho. Alijua ule mkunjo katikati ya nyusi unakaa muda gani kabla haujaachia. Na aligundua siri moja: cherehani likikimbia, Popo analala, likisimama, anashtuka kama ameitwa. Basi zilikuwepo siku kazi zimekwisha, wateja wameondoka, na Fundi bado amekaa pale anakanyaga cherehani tupu, halina uzi wala kitambaa, tr-r-r-r, ili mwanaume aongeze usingizi kidogo. Hilo pia hajamwambia mtu.

Mambo yaliharibika siku ya kujitambulisha.

Mjomba alivaa koti. Alizungumza muda mrefu, kama anayefungua daraja, akapitia ukoo mzima, akapitia na bei ya simenti, mpaka akafika penyewe. Akamgeukia mkwe mtarajiwa akamuuliza kwa upole amejipangaje kumtunza binti yao. Kimya. Daktari alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, macho amefumba. Mama alidhani anaomba Mungu amwongoze kwenye jibu, na moyoni akampa alama nzuri. Mjomba akasubiri. Akasubiri tena. Mwishowe akamtikisa goti.

Daktari, bila kufumbua macho, kwa sauti ya utulivu kabisa, akasema, "Asile kitu, asinywe maji. Nakuja."

Hayo ndiyo maneno anayowajibu manesi kila simu inapolia. Mgonjwa wa kupasuliwa hapewi chochote, maana mwenye tumbo lililojaa akipigwa nusu kaputi anaweza kutapika na kupaliwa akafa mezani. Ameyasema mara nyingi mno, siku hizi yanatoka yenyewe, kama mtu anavyojibu salamu. Lakini Mjomba angejuaje? Yeye aliuliza matunzo, akajibiwa mtoto wa dada yake atashinda na njaa na kiu.

Mama alijifunika uso kwa shuka akacheka mpaka mabega yakatikisika. Halafu akaondoka kwenda jikoni, na Fundi alipomfuata akamkuta cheko limegeuka, machozi yanatiririka kwenye vyombo.

"Baba yako alikuwa mtu mzuri," Mama alimwambia. Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa. "Sikuwahi kumlalamikia hata siku moja, kwa sababu siku nyingi hakuwepo wa kulalamikiwa. Nimekaa dirishani mwanangu mpaka nikajua milio ya malori yote. Huyu wako ni lori lile lile, limevaa koti jeupe."

Neno hilo ndilo lililomvalisha Fundi gauni la kutokea.

Na Daktari leo hakuja kugombana, maskini. Alikuja kuomba radhi kwa Mjomba kwa ule usingizi. Alipofika mlangoni alifanya jambo ambalo tangu wapendane hajawahi kulifanya. Alitoa simu yake mfukoni, akaiweka kwenye kiganja cha Fundi, akakifunga kile kiganja kidole kimoja kimoja.

"Shika wewe," alisema. "Tabibu yupo zamu. Nimewaambia wasinipigie mpaka iwe lazima kweli kweli. Leo ni ya kwako."

Fundi aliitumbukiza kwenye mfuko wa gauni, na akaisikia nzito, kama ameachiwa mtoto wa mtu. Alikuwa na furaha. Furaha ndiyo iliyomponza, maana ndiyo iliyomfungua mdomo akamtolea habari ya mkurugenzi, kesho, na kiti kinachozunguka, akitegemea kukumbatiwa.

Sasa wako hapa jikoni, wanatazamana kwa macho makali, na kati yao meza yenye chai ambayo hakuna aliyeigusa.

"Umeniona maskini," Daktari alisema. "Ndicho kinachokuuma. Hizi kola."

"Usinitukane. Hizo kola nimezigeuza kwa mikono yangu. Ningekuwa naziona vibaya ningezitia kiraka cha rangi nyingine dunia nzima ikuone."

Alitaka kucheka, Daktari, Fundi aliona mdomo umeanza. Akauzuia.

"Basi nini?"

"Nataka kukuona ukiwa macho," Fundi alisema, na hapo sauti ikamgeuka, ikawa nyembamba. "Basi. Sitaki nyumba, sitaki gari. Nataka jioni moja uniangalie mimi na siyo ukuta nyuma yangu. Unajua rangi ya macho yangu?"

Daktari akashika ukingo wa meza.

"Mimi yako nayajua, kwa sababu nikikuamsha, kitu cha kwanza yanachonionyesha ni hofu. Kila siku nakuamsha unaniogopa, unadhani kuna mtu anakufa. Nimechoka kuwa kengele, Popo."

Na ni hapo hapo simu ilipotetema mfukoni mwake.

Haikulia. Alikuwa ameizima sauti mwenyewe pale mlangoni, ile furaha ya kijinga. Ilitetema tu, pajani, kama mdudu aliyeingia ndani ya nguo. Daktari hakuisikia. Alikuwa amemwangalia, kwa mara ya kwanza siku nyingi alikuwa amemwangalia yeye kweli, si ukuta. Moyo ulimwambia Fundi itoe. Mkono ukakataa. Ikatetema, ikatetema, ikanyamaza.

Pengine ni mtu wa kuomba vocha, alijiambia. Pengine amekosea namba.

Daktari akavuta kigoda akakaa, magoti yamefika karibu na kidevu, kigoda cha Mama kilikuwa kifupi kwake. "Unadhani mimi malaika," alisema. "Unadhani sitaki. Juzi nilitoka kupasua, nikakaa kwenye zile ngazi za nyuma wanapoanika mashuka. Nikawaza, ninyanyuke niende stendi, nipande gari lolote, nisiulize hata linakwenda wapi. Nilinyanyuka kabisa. Nilifika getini."

Fundi hakuwahi kulisikia hili. Akaegemea kabati.

Aliendelea kuongea akiitazama chai. Alieleza kwamba ana hasira, tena nyingi, na nyingine anazo na wale wenzake wawili walioondoka, ila usiku akilala anawaelewa. Kwamba mmoja alimtumia picha ya mtoto wake akimfundisha kuendesha baiskeli, na ile picha aliitazama mpaka ikamtoa machozi, wala si kwa sababu ya mtoto, ni kwa sababu ilipigwa mchana. Kwamba kuna dereva wa mkurugenzi fulani anayelipwa kumzidi, na dereva mwenyewe alimwambia kwa huruma, akamnunulia soda.

"Sasa getini nini kilikurudisha?" Fundi aliuliza.

"Mlinzi aliniamkia. Akaniambia daktari, yule dada wa jana amempa mtoto jina lako." Akajikuna shingo pale kwenye kola. "Ni mtoto wa kike. Nilimwambia mlinzi huyo mtoto atateseka shuleni."

Sebuleni Mama alicheka. Akajifanya anakohoa.

"Fundi, nikienda kule barabara kuu, kesho mama wa namna ile atapelekwa wapi? Hospitali nyingine ya kumpasua bure iko safari ya nusu siku, na nusu siku hana. Kule kwa rafiki yake Mjomba hata getini hapiti. Nitapata kitanda kizuri, ndiyo. Nitalala juu yake macho makavu. Bora nilale kwenye benchi lako."

"Na mimi?" Fundi alisema. "Hao wote umewahesabu. Mimi niko kwenye hesabu gani?"

"Nakuomba unisubiri. Wakileta mwenzangu tu, hata mmoja..."

"Mbuzi?"

Ilimtoka tu. Utani wao wenyewe wa wodini, yeye ndiye aliyemsimulia. Ukatua katikati yao kama kofi. Daktari akainamisha kichwa, na Fundi akatamani kuurudisha mdomoni.

Pazia likasogea. Mjomba aliingia ameshika kikombe, akijidai amefuata sukari. Akaiona sukari, hakuichukua.

"Kijana," alisema, wala hakuwa na ile sauti ya kufungua daraja. "Mimi si adui yako. Ule usingizi nilishakusamehe, nimewasimulia mpaka wateja, wanacheka. Lakini nikuulize kitu kimoja. Mimi nauza simenti. Nikichoka nafunga duka, na hakuna mtu atakufa Jumapili kwa kukosa simenti. Wewe utafunga lini?"

Daktari alisimama kwa heshima, kigoda kikaanguka. "Sijui, Mjomba."

"Hujui. Na mimi huyu mtoto nimemlea tangu baba yake aondoke. Nikuachie kwa 'sijui'?"

"Hapana, Mjomba. Hata ningekuwa mimi, nisingempa mtu kama mimi."

Kilichomkata Fundi maini ni namna alivyosema, bila uchungu, kama anayesoma majibu ya vipimo. Mama alikuwa amefika kwenye pazia na mikono imejaa nguo. Aliwahi kumwona mtu akisimama hivyo jikoni mwake, ufunguo wa lori mkononi.

Simu ikatetema tena.

Fundi akaweka kiganja juu yake, juu ya gauni, kama unavyomfunika mtu mdomo. Alijua sasa. Mtu wa vocha harudii. Lakini sikiliza alichokuwa anakiona yeye: mwanaume amesimama, kichwa chini, amechoka, kidogo tu aanguke upande wa pili. Dakika moja zaidi, swali moja la Mjomba, na angesema sawa, nitakwenda. Alilisikia lile sawa likija. Alikuwa amelisubiri muda wote waliopendana. Akishalisema hatalirudisha, hivyo ndivyo alivyo, neno lake ni msumari. Watapata jioni zao. Atajua rangi ya macho yake. Kinachotakiwa ni Fundi asimame tu vile vile, asifanye chochote.

Ikanyamaza.

"Labda nyinyi mnaona sawa," Daktari alianza taratibu. "Labda mimi ndiye..."

Na akajishika ukutani. Macho yalikuwa yanamfumba, hapo hapo alipo, kwa mazoea ya kusimama mahali penye joto. Midomo ikasogea. Hakuna sauti iliyotoka, lakini Fundi, ambaye uso ule ameusoma umelala kuliko ulivyo macho, aliyasoma yale maneno kwenye midomo yake. Hata sasa, hata anapokaribia kuwaacha, alikuwa anawajibu manesi.

Simu ikatetema mara ya tatu.

Fundi aliitoa. Kwenye kioo paliandikwa Sista Leba, yule wa chumba cha kujifungulia. Mjomba aliiona, Mama aliiona, na Daktari akafumbua macho akaiona, na yule mtu aliyekuwa anaanguka akawa wima.

Akanyoosha mkono. Fundi hakumpa. Akaiweka sikioni mwake.

Sista hakungoja salamu. Alisema kwa haraka kwamba ni mama wa uzazi wa kwanza, uchungu ni tangu jana, mtoto amekaa vibaya na mapigo yake yanashuka, tabibu ameshajaribu yote anayoyajua, mtu wa nusu kaputi ameshafika, daktari tumekupigia na kukupigia, tafadhali. Nyuma yake alisikika msichana analia. Hakuwa analia kwa kelele. Alikuwa anamwita mama yake, kama mtoto aliyepotea sokoni.

Fundi alifungua mdomo na sauti iliyotoka ilikuwa tulivu kuliko alivyodhani anaweza.

"Asile kitu," alisema. "Asinywe maji. Anakuja."

Akakata.

Kule sebuleni redio ilikuwa inajisemea peke yake kidogo kidogo. Mjomba alitazama ndani ya kikombe chake. Yale maneno aliyoyasimulia dukani watu wakacheka, sasa ndiyo kwanza ameyasikia.

"Imetetema mara mbili kabla ya hii," Fundi alimwambia Daktari. Angeweza kunyamaza, hakuna ambaye angejua. "Niliisikia. Nilitaka useme sawa kwanza."

Daktari alimtazama. Fundi alijiandaa kwa hasira, na aliona anaistahili. Haikuja. Alimtazama vile anavyotazama kidonda, kwa makini, karibu, akitafuta panapouma. Halafu akachukua simu, na vidole vyake vikakaa juu ya vya Fundi muda mrefu kidogo kuliko kazi ya kupokea simu inavyotaka.

"Ya udongo," alisema.

"Nini?"

"Macho yako. Ya udongo uliolowa mvua. Kuna doa jeusi kwenye la kushoto, huku chini. Nililiona siku ile ya kidole, ndiyo maana mshono ukaenda upande."

Hakusubiri jibu. Alimwinamia Mama, akamwambia Mjomba samahani kwa mara nyingine, akapita kwenye pazia. Mama akaweka nguo chini, akamwahi na kipande cha mkate, akakisukumiza kwenye mfuko wa koti bila kumuuliza. Zile zilikuwa mbio za mwanamke aliyezoea kuwahi lori.

Fundi alimfuata mpaka katikati ya sebule, akasimama hapo.

"Mjomba," alisema bila kugeuka. "Mpigie rafiki yako. Mwambie kesho asimsubiri. Mwambie mimi ndiye niliyekosea kusema."

"Na wewe?" Mjomba aliuliza kutoka jikoni. Hakuwa anakejeli, alikuwa anauliza kweli. "Wewe utamsubiri mpaka lini?"

Daktari alishafika mlangoni, mkono uko kwenye kitasa, koti limekaa upande, mkate umechungulia mfukoni. Pale ndipo angegeuka aseme neno kubwa, lile ambalo mtu anaweza kulishikilia siku akiwa peke yake dirishani. Aligeuka kweli.

"Lile benchi," alisema. "Bado lipo?"

"Lipo."

"Nikija, usikanyage cherehani tupu. Utaliharibu." Akaona anavyoshangaa. "Lisilo na kitambaa lina mlio wake, Fundi. Siku zote nausikia."

Akatoka. Na ule mlango wa Mama, ambao kila mtu huubamiza maana fremu imevimba kwa unyevu, yeye aliuvuta taratibu, ameshika kitasa kwa mikono miwili mpaka kikaingia mahali pake bila mlio, kama mtu ambaye maisha yake yote yamepita akitoka kwenye vyumba ambamo mtu ndiyo kwanza amepata usingizi.